Tunakwenda kuonja mvinyo Hombolo na marafiki: tujiandae vipi?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 32, nilihamia Dodoma kikazi. Mwezi wa tisa tumepanga kutembelea kiwanda cha mvinyo upande wa Hombolo, tuone kazi inavyofanyika kisha tuonje. Tuko saba, gari mbili, twende asubuhi turudi jioni. Nina wasiwasi. Kwanza naogopa kuaibika: sijui kushika glasi wala kusema mvinyo unanukia nini, na ninaoupenda ni mtamu tu. Ule mkavu unanikunja uso, wenzangu hunicheka. Pili, mwekundu huniumiza kichwa, naambiwa ni dawa wanazoweka. Tatu, mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi minne, kliniki wamemwambia damu imepungua, na shangazi yake amemwambia akifika huko anywe mwekundu mtamu kidogo aongeze damu. Mwingine yuko kwenye dozi ya Flagyl. Mwingine ni Mwislamu, hanywi, lakini anatamani kuja. Halafu kaka mmoja katika kundi anasema tunapoteza muda wetu, mvinyo wa Dodoma ni sukari na rangi tu. Je, twende au tuache? Na tukienda, tujiandae vipi?"

JIBU:

Nendeni, dada yangu. Na mwezi wa tisa mmechagua vizuri, nitakueleza sababu yake mbele kidogo. Lakini wawili katika kundi lenu wasionje hata tone siku hiyo, na mpango wa gari mbili itabidi muupange upya. Naanza na hayo, kwa kuwa aibu ya kushika glasi inaweza kusubiri, na mimba ya miezi minne haiwezi.

Imani kwamba mvinyo mwekundu huongeza damu nimekutana nayo kila mahali, Dodoma, Dar es Salaam, Moshi, na wanaoiamini si watu wajinga. Rangi inafanana na damu. Mvinyo mtamu unaleta hamu ya kula, na mtu aliyechoka akinywa anahisi joto mwilini na mashavu yanachangamka. Kinachotokea hapo ni kwamba kileo kimetanua mishipa midogo ya ngozi. Damu ni ileile, imesogea tu karibu na uso. Ili mwili utengeneze damu unahitaji madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12. Glasi moja ya mvinyo mwekundu haina hata miligramu moja ya madini ya chuma, wakati mama mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Tena ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unatokana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye maganda ya zabibu, na tanini hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Ndiyo maana kliniki wanamwambia asimeze vidonge vyake kwa chai, ambayo nayo ina tanini. Kwa hiyo mwenzenu akifuata ushauri ule atakuwa anapunguza kile kile anachokitafuta.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halijaweza kukishughulikia. Kinaweza kuharibu ubongo unaojengwa, na hakuna kiasi ambacho wataalamu wa afya wamekithibitisha kuwa salama katika mimba, kiwe cha mtamu, cha mkavu au cha kutengenezwa na masista. Mwambie ameze vidonge vyake vya FEFO (vya madini ya chuma na asidi ya foliki) kila siku kama alivyoelekezwa, ale maharage, dagaa, mchicha na matembele, na ashushie chungwa au maji ya limau, kwa kuwa vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Akianza kuishiwa pumzi kwa kutembea kidogo, moyo kumwenda mbio, kizunguzungu, au akiona damu ikitoka ukeni, arudi kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Kwa shangazi, msimbishie mbele za watu. Ni heri mwenzenu aende naye kliniki, asikie kwa muuguzi mwenyewe. Nimeona hilo likimaliza ubishi kwa heshima kuliko maelezo yoyote ya mpwa.

Huyu wa Flagyl naye, jibu ni fupi. Kipeperushi cha dawa hiyo kinaonya dhidi ya kileo wakati wa dozi na baada yake, kwa sababu baadhi ya watu hupata kichefuchefu, kutapika, uso kuwaka na moyo kudunda. Ahesabu siku tatu kamili tangu kidonge cha mwisho ndipo aonje. Kama siku ya safari itamkuta kabla ya hapo, aje kutembea tu. Na kabla ya safari, ulizia kimyakimya, mtu mmoja mmoja, kama yupo mwingine anayetumia dawa za kisukari, kifua kikuu, kifafa au za usingizi. Wa kisukari hasa wawe makini: ini linaloshughulika na kileo hulegeza kazi yake ya kuachia sukari kwenye damu, na anayetumia insulini au glibenklamaidi anaweza kuporomoka sukari saa kadhaa baadaye, akiwa amelala. Hao waongee na daktari au mfamasia wao, maana mimi ni mtu wa mvinyo na siwezi kuwapangia dawa.

Sasa kichwa chako. Hizo "dawa" wanazokuambia ni salfaiti, ambazo karibu kila kiwanda duniani hutumia kwa kiasi kidogo ili mvinyo usioze wala kubadilika rangi. Hamira yenyewe hutengeneza kiasi fulani hata usipoongeza. Watu wengi hudhani mwekundu ndio una nyingi, lakini kwa kawaida ni kinyume chake: mwekundu unalindwa na tanini zake, ilhali mweupe mtamu ndio unaohitaji salfaiti nyingi zaidi, kwa kuwa sukari iliyobaki ni chakula cha vijidudu. Kama salfaiti ndizo zingekuwa tatizo lako, huo mtamu unaoupenda ungekuumiza zaidi. Salfaiti huwasumbua hasa baadhi ya wenye pumu, na dalili yake ni kifua kubana na kukohoa, si kichwa peke yake. Ukiwahi kuona kifua kinabana, midomo inavimba au vipele vinatoka baada ya mvinyo wowote, acha kabisa na nenda hospitali. Usijijaribu tena nyumbani.

Kichwa cha kawaida kina sababu za karibu zaidi. Kileo hukukojoza, ukapoteza maji, na Dodoma hewa yenyewe ni kavu na jua ni kali. Mwili unapokivunja hupitia kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo ndiyo huleta uso kuwaka, kichwa na kichefuchefu. Mvinyo mwekundu pia una kemikali ziitwazo histamini kwa wingi zaidi, kwa kuwa umechachuka pamoja na maganda, na wapo watu ambao miili yao haiziondoi haraka. Juu ya hayo kuna tabia yetu ya kunywa kitu kitamu kama soda, kwa mafunda makubwa, kabla ya kula. Siku ya safari kula kwanza, kunywa maji glasi nzima kati ya onjo moja na jingine, kisha onja mwekundu mmoja kwa funda dogo na uteme. Kichwa kikija hata hivyo, mwekundu si wako, na hakuna aliyekulazimisha kuupenda.

Hapo nimeligusa neno kutema. Najua kwetu kutema mbele za watu ni kukosa adabu. Mezani kwa waonjaji mambo ni tofauti: panawekwa ndoo ndogo au jagi kwa kazi hiyo, na anayetema ndiye anayeonekana anajua alichokuja kufanya. Watengenezaji wenyewe hutema, tena kuanzia asubuhi, la sivyo wasingefika mchana wakiwa na akili ya kazi. Kama chombo hakijawekwa, omba. Ukiona haya, chukua kikombe cha karatasi, tema humo, kisha mwaga.

Kwa nini nasisitiza? Tupige hesabu. Onjo moja huwa mililita 30 hadi 50. Mkipewa aina sita za mililita 50 na ukameza zote, umekunywa mililita 300, ambazo ni glasi mbili zilizojaa vizuri. Mvinyo wa asilimia 13 utakuwa umekupa takriban gramu 31 za kileo halisi. Ini la mtu huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake ni saa tatu hadi nne au zaidi kabla mwili haujasafika, na hapo hujaongezewa "kidogo cha kuagana", wala hujafikia ile mitamu iliyotiwa kileo cha nyongeza, ambayo hufika asilimia 15 hadi 20. Kahawa haiharakishi. Kuoga hakuharakishi. Supu tamu ya mbuzi nayo haiharakishi, ingawa chakula kilicholiwa kabla hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu.

Sheria ya barabarani ya Tanzania inaweka kikomo cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini msiendeshe kwa kubahatisha kikomo. Uwezo wa kuona pembeni na kukanyaga breki kwa wakati hushuka kabla hujafika hapo, na mtarudi jioni, wakati mwanga unapungua na barabara ina waenda kwa miguu, baiskeli na ng'ombe wanaorudi zizini. Hombolo ni mwendo wa takriban kilomita 40 kutoka mjini. Ushauri wangu wa dhati ni kuacha gari zote mbili nyumbani, mkodi Noah au Hiace na dereva wake, mgawane gharama watu saba. Mkishindwa hilo, chagueni madereva wawili wasioonja kabisa. Hata wa kutema asiendeshe, kwa sababu kinywa nacho hufyonza kidogo, na wachache hutema kila funda kama walivyoahidi asubuhi.

Lakini msimgeuze mwenzenu Mwislamu kuwa dereva kwa kuwa tu hanywi. Nimeona kundi baada ya kundi likifanya hivyo, na yule mtu anarudi nyumbani akijua aliitwa kwa ajili ya leseni yake. Muulizeni mapema anataka siku iweje. Wapo ambao wako tayari kuzunguka shambani na kiwandani, ila hawapendi kukaa kwenye meza inayomiminwa kileo, na hilo lina msingi katika dini yao. Basi sehemu ya shamba na mitambo iwe ya wote, na muda wa kuonja uwe mfupi, yeye, mjamzito na wa dozi wakipewa shughuli yao. Msimu ukiwa umefika, waombeni mwenyeji zabibu mbichi na mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake, uliokamuliwa asubuhi hiyo, kabla haujaanza kuchachuka. Kwa maoni yangu ule mchuzi ni miongoni mwa vinywaji vitamu kuliko vyote vinavyotoka Dodoma, na asiyenywa kileo hapotezi chochote kwa kuupata huo peke yake. Aangalie tu uwe wa siku hiyo hiyo: katika joto, mchuzi uliolala huanza kutoa povu, na povu hilo ndiyo dalili kwamba kileo kimeanza.

Hilo linanipeleka kwa kaka yenu wa "sukari na rangi". Ana nusu ya haki, na nusu hiyo inahitaji jibu la heshima. Vipo vinywaji sokoni vyenye chupa nzuri ambavyo ni maji, sukari, spiriti na ladha ya kuongeza. Lakini mvinyo wa zabibu wa Dodoma si huo. Zabibu zimelimwa hapa tangu enzi za wamisionari Wakatoliki, waliohitaji divai ya altare, na Bihawana ndilo jina ambalo wazee watakutajia kwanza. Baadaye kulikuwa na shirika la umma la mvinyo, DOWICO, na kituo cha utafiti cha Makutupora ambacho leo kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Aina mtakazosikia zikitajwa ni Makutupora nyekundu, ambayo imechukua jina la mahali hapo, Chenin Blanc kwa mweupe, Syrah na Cabernet Sauvignon, na upande wa Hombolo zipo pia aina zilizoletwa kutoka Italia kama Aglianico na Teroldego.

Mvinyo hutokea hivi. Zabibu iliyoiva ina sukari. Hamira hula sukari hiyo na kuacha kileo na hewa ukaa. Mtu wa pwani anaujua mwendo huu kwa tembo la mnazi, lililo tamu asubuhi na kali jioni bila mtu kuongeza kitu. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi hutoa asilimia moja ya kileo, hivyo mchuzi wenye gramu 220 ukichachuka wote hufika asilimia 13 hivi. Sukari yote ikiliwa, mvinyo ni mkavu. Mtengenezaji akiusimamisha mapema kwa baridi na kuuchuja, au akiongeza kileo kinachoua hamira, au akirudisha mchuzi mtamu au sukari mwishoni, unapata mtamu. Njia hizo zote zinatumika duniani, na mkiwa kiwandani una haki ya kuuliza wao wanatumia ipi. Kiwanda kinachojiamini kitakujibu.

Na rangi? Waombeni wawapasulie zabibu nyekundu. Kwa aina nyingi utaona ndani ni nyeupe, na mchuzi wake karibu hauna rangi. Wekundu uko kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda kwa siku kadhaa, ukayanyonya rangi na tanini, ilhali mweupe hukamuliwa na kutengwa na maganda mapema. Kaka yenu akiona tangi linachachuka, maganda yameelea juu kama blanketi zito, na mfanyakazi anayashindilia yarudi chini, nadhani maneno yatapungua.

Ndiyo maana nimefurahia mwezi wa tisa. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na baada ya miezi kama minne zabibu ziko tayari, hivyo hapa tunavuna mara mbili. Mavuno ya Februari na Machi hukutana na mvua: maji huzimua sukari, na magonjwa ya ukungu hushambulia vichala. Mavuno ya Agosti na Septemba huja wakati wa kiangazi, jua la mchana na ubaridi wa usiku, zabibu zimekusanya sukari vizuri na ni safi. Mkifika wakati huo, mtakuta trekta na pikapu zinashusha zabibu, mizani inafanya kazi, mashine inatenganisha punje na vikonyo, nyuki wametanda. Miezi mingine mtaona matangi ya chuma yaliyotulia na chupa zinazobandikwa lebo, ambayo pia ni elimu, lakini si sawa.

Tahadhari moja ya msimu huo, nayo naomba muizingatie. Ile hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na hutulia chini, kwenye matangi na vyumba visivyopitisha upepo. Imeua watu wengi katika viwanda vya mvinyo duniani, na mara nyingi anayefuata kufa ni aliyeingia kuokoa. Msiinamie mdomo wa tangi linalochachuka ili kunusa au kupiga picha, msiingie chumba ambacho mwenyeji hajawaingiza, na mtu akihisi kichwa chepesi mtoke nje wote. Vaeni viatu vya kufunika, sakafu huwa imelowa.

Sasa ulimi wako, dada. Kupenda mtamu si utoto. Binadamu huzaliwa anapenda utamu, na baadhi ya mvinyo unaoheshimiwa kuliko wote duniani, Tokaji ya Hungaria na Sauternes ya Ufaransa, ni mtamu. Kinachokukunja uso huenda hata si ule ukavu. Mtu akisema mkavu unamsumbua, mara nyingi anachanganya mambo matatu: kukosa sukari, uchachu wa asidi unaotoa mate pembeni mwa ulimi, na ukakasi wa tanini unaokausha fizi. Jaribu hivi nyumbani wiki hii. Chemsha chai ya rangi, acha majani yakae dakika kumi, onja bila sukari: huo ni ukakasi. Kamua limau kwenye maji, onja: huo ni uchachu. Ukishavijua viwili hivyo, utaweza kumwambia mwenyeji, "huu uchachu naupenda, ila ukakasi umenizidi," na hilo ni jambo la maana kuliko kutaja harufu ya matunda ambayo hujawahi kuyaona. Kisha muombe Chenin Blanc mkavu uliopoozwa. Hauna ukakasi wa kusumbua, na wengi wanaokuja kwangu wakisema hawawezi mkavu huanzia hapo.

Utaratibu una sababu zake. Mweupe hutangulia mwekundu, na mkavu hutangulia mtamu, kwa sababu sukari hubaki ulimini na kuufanya mkavu unaofuata uonekane siki. Inawezekana huko nyuma ulikuwa unaonja mkavu baada ya mtamu wako, na hukumu ikawa si ya haki. Shika glasi kwenye shina lake, ili joto la kiganja lisipashe mvinyo. Izungushe taratibu mezani, pua ndani, vuta pumzi fupi. Sema kinachokujia, hata kikiwa ni ukwaju, embe bichi, majani ya mpera au vumbi baada ya mvua ya kwanza. Hizo ndizo harufu za maisha yako, na mwenyeji mzuri atafurahi kuzisikia. Halafu funda dogo, lizungushe kinywani, tema au meza. Asubuhi hiyo msijipulizie manukato, wote saba. Mtu mmoja mwenye pafyumu kali huharibu pua za meza nzima.

Pigeni simu kiwandani kabla, angalau wiki moja. Viwanda vyetu vingi ni sehemu za kazi, havina meza ya wageni inayosubiri kama Stellenbosch kule Afrika Kusini. Wengine hupokea makundi kwa miadi tu, na baadhi hawapokei kabisa wakati wa pilika za mavuno. Ulizeni kama wanapokea watu saba, gharama ni ngapi na inahusisha aina ngapi, kama kuna chakula au mje nacho, kama picha zinaruhusiwa, na kama kuna kinywaji kisicho na kileo. Mkikataliwa msikate tamaa. Mnaweza kumtembelea mkulima wa zabibu kwa makubaliano, mkamlipa muda wake, mkanunua zabibu, kisha mkaonja chupa nne za Dodoma nyumbani jioni, bila mtu kuendesha. Kwa kundi kama lenu, lenye watatu wasioonja, mpango huu wa pili hauna upungufu mkubwa, na ni wa bei nafuu. Kiwanda kinaushinda mpango huo kwa kitu kimoja, mitambo na harufu ya mchuzi unaochachuka, na kama hicho ndicho mnachokitaka, piganieni miadi. Wajasiriamali wadogo nao wapo na baadhi wanafanya kazi safi, lakini nunueni chupa yenye lebo na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mvinyo uliotiwa kwenye galoni la maziwa lisilo na jina uacheni hapo hapo.

Kama kuna mtu katika kundi ambaye akianza hawezi kuacha, au aliyeacha pombe na anajitahidi, msimpeleke mezani kwa kisingizio cha kuonja. Zungumzeni naye, na akihitaji msaada aende hospitali ya mkoa aombe idara ya afya ya akili. Anayekunywa kila siku na akikosa hutetemeka au kutoka jasho asiache ghafla peke yake. Kuacha huko kunaweza kuleta degedege, na kunahitaji daktari.

Mkinunua chupa za kurudi nazo, msiziache kwenye gari mchana. Joto la buti la Dodoma hupika mvinyo ndani ya saa chache, ukapoteza harufu yote mliyoisifia. Chukueni kikasha cha barafu. Nyumbani ziweke mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko. Mwekundu usinywewe kwa joto la chumba chetu: uweke kwenye friji kwa muda, ufike nyuzi 16 hadi 18, na utashangaa ukakasi na ukali wa kileo ulivyotulia. Chupa ikishafunguliwa irudishe kizibo na uiweke kwenye friji, mkavu umalizike ndani ya siku tatu hadi tano. Ule mtamu uliotiwa kileo huvumilia wiki kadhaa.